Ushanga Unaotakiwa Huko Uendako

 Leo nazungumza nawe kutoka Bagamoyo, na naomba tuanzie ufukweni, pale soko la samaki, saa ambazo mashua zinaingia.

Dalali amesimama katikati ya watu, miguu imezama mchangani. Mbele yake kuna turubai, na juu ya turubai fungu la vibua na nguru wawili waliolazwa kichwa kwa mkia. Dalali huyu hana mashua. Hana nyavu. Jana usiku hakukesha baharini. Alicho nacho ni sauti, pamoja na jambo jingine ambalo halionekani kwa macho: anajua nani kaja kutafuta nini. Anamjua mama mkaanga samaki, anayehesabu vibua kimyakimya kabla ya kutaja bei. Anamjua mchuuzi wa baiskeli, anayetaka mzigo mdogo afike nao Kiromo ungali mbichi. Na anamjua mpishi wa hoteli, ambaye hasemi nguru kama wavuvi wanavyosema. Mpishi huuliza, "Kingfish ipo?" kwa sababu ndivyo wageni wake wanavyoagiza mezani. Samaki ni yuleyule. Dalali anajibu kwa jina aliloulizwa, nguru anauzwa, mvuvi anapata chake, dalali anakatiwa chake.

Biashara ninayotaka kuizungumzia leo ni udalali huohuo, ila umehamia mtandaoni. Mtu anafungua tovuti, anaandika mambo ya kumsaidia msomaji: alale hoteli ipi, achukue safari ipi, mkoba gani haupitishi maji ya bahari. Ndani ya maandishi anaweka kiungo maalumu alichopewa na kampuni inayouza. Msomaji akibofya kiungo kile na akanunua, kampuni inatambua kwamba mteja huyu kaletwa na fulani, na fulani analipwa kamisheni. Amazon walianzisha utaratibu wao wa namna hii mwaka 1996, wakati bado wanauza vitabu tu. Leo kampuni za kuuza vyumba vya hoteli na safari za utalii, kama Booking.com, GetYourGuide na Viator, nazo zina utaratibu kama huo.

Vijana wa pwani hii, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga, wanaiulizia sana kazi hii. Na karibu wote wanaanza na swali moja: niuze nini? Mimi naomba swali hilo tuliweke kando kwanza. Kabla ya kuuza chochote, jua watu wanatafuta nini, na wanakitafuta kwa maneno gani. Hapo ndipo tovuti inaposimama au inapozama.

Mji huu wa Bagamoyo ulilijua jambo hilo kabla ya umeme kufika. Katika karne ya 19, misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikiondokea hapa. Ilikuwa biashara ya pembe za ndovu, na ilikuwa pia biashara ya watu waliofungwa minyororo. Tukiitaja tuitaje yote, tusiwafiche walioumizwa. Sasa, ndani ya misafara ile kulikuwa na elimu moja ngumu, elimu ya shanga. Njiani chakula kilinunuliwa kwa nguo na shanga, na kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, aliandika katika kitabu chake jinsi hesabu hiyo ilivyomsumbua. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini ukivuka Ugogo hazina kazi. Kulikuwa na shanga nyingine kubwa zilizothaminiwa Ujiji, na kwingine kote zikakataliwa. Aliyekosea ushanga aliwabebesha wapagazi mzigo kwa wiki na miezi, akafika nao mahali ambapo hakuna aliyeutaka hata kwa kibaba cha mtama. Ndiyo sababu miaka ya baadaye wafanyabiashara wa hapa kama Sewa Haji Paroo, aliyeipatia misafara wapagazi na bidhaa, walikuwa watu wa kuulizwa kwanza, kabla ya safari.

Neno analoliandika mtu kwenye Google ndilo ushanga wa zama hizi. Mtalii aliyeko Hamburg ana neno lake. Mwanafunzi wa Dodoma mwenye kazi ya nyumbani ana lake. Familia ya Tegeta inayotaka mahali pa kupumzika Jumapili ina lake. Wote wanaitafuta Bagamoyo, na hakuna neno moja linalowanunua wote.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Kijana mmoja anayetembeza wageni kwenye magofu ya Kaole alinionyesha tovuti yake. Alikuwa ameandika kurasa 12 kwa Kiingereza kizuri, na ule alioutegemea zaidi ulihusu hoteli za Zanzibar. Miezi minane ilikuwa imepita na wasomaji walikuwa wa kuhesabu. Nikamwomba ayaandike kwenye simu maneno aliyotaka watu wamkute nayo. Tukatazama pamoja nani yuko juu. Walikuwa ni kampuni za kimataifa, zenye maelfu ya hoteli na fedha za matangazo. Tukashuka, tukafungua ukurasa wa pili, wa tatu. Yeye hayumo.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu yaache haya. Wageni wako wa wiki hii, kabla hawajafika, walikuuliza nini?"

Hakuhitaji kufikiri. "Wanauliza daladala za Bagamoyo zinapandiwa wapi Dar. Wanauliza kama kuna mashine ya kutolea pesa. Wanauliza kama unaweza kwenda Saadani ukarudi siku hiyohiyo. Mwezi wa nne barabara inapitika? Kaole na mji mkongwe, siku moja inatosha? Maswali ni hayohayo kila siku, kaka. Nawajibu WhatsApp, simu ikijaa nafuta."

Alichokuwa anakifuta ndicho kilikuwa mtaji wake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji bando. Inahitaji daftari, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila swali la mgeni, la mteja, la jirani, liandike kama lilivyoulizwa. Usilisahihishe. Mgeni akiandika Saadani kwa "a" moja, nawe iandike kwa "a" moja, kwa sababu ndivyo atakavyoiandika na kwenye Google. Akisema "snorkeling" wakati sisi tunasema kuzamia, andika neno lake kisha pembeni andika letu. Dalali wa samaki hafanyi ubishi na mpishi kuhusu jina la nguru.

Hatua ya pili, lipeleke daftari lako kwenye Google. Andika neno Bagamoyo, acha nafasi, kisha usibonyeze kitu. Tazama mapendekezo yanayoshuka chini ya kisanduku. Mapendekezo yale yanatokana na yale ambayo watu huyatafuta kweli. Ongeza herufi moja, "a", tazama. Ifute, weka "b", tazama. Endelea mpaka "z". Fanya hivyo kwa Kaole, kwa Saadani, kwa Pangani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kisha shuka mpaka mwisho wa ukurasa, ambako Google huweka maneno mengine yanayofanana na lako. Fanya kazi hii kwenye dirisha la siri la kivinjari, ili historia yako mwenyewe isikuchanganye. Jioni moja tu, na daftari litakuwa na kurasa za kutosha.

Hatua ya tatu ni kupima. Kuna Google Trends, ya bure, iliyopo tangu mwaka 2006. Inakuonyesha neno lipi linapanda na lipi linashuka, na miezi gani. Kuna pia kifaa cha kupanga maneno kilicho ndani ya akaunti ya matangazo ya Google. Usipolipia matangazo kitakupa makadirio mapana tu, kwa mfano kutoka 10 hadi 100 kwa mwezi, au kutoka 100 hadi 1,000. Si haba kwa kuanzia.

Lakini hapa, msikilizaji, naomba unisikilize vizuri, kwa maana wengi wa kwetu hukatia tamaa hapa. Ukiingiza maneno ya Kiswahili, au jina dogo kama Mlingotini, kifaa mara nyingi kitakuonyesha mstari mtupu. Usiseme hakuna anayeuliza. Mizani ya kupimia magunia haiwezi kupima bizari. Google wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hawajawahi kuyaona kabla. Kama swali limo kwenye daftari lako mara tano kwa watu watano tofauti, swali hilo lipo duniani, mizani iseme isiseme.

Na pima majira. Sisi watu wa pwani hatufundishwi majira. Nahodha hangojei kusi ivume ndipo aanze kushona tanga. Mtalii anayetaka kuja Julai, wakati shule za Ulaya zimefungwa, anaanza kutafuta miezi mingi kabla. Anayetaka kuona nyangumi wakipita pwani yetu, kati ya Agosti na Oktoba, hawezi kununua safari kwa ukurasa ulioandikwa Septemba. Google nayo huchukua muda kuutambua ukurasa mpya na kuupandisha. Kwa hiyo ukurasa wa msimu wa kusi uandike kaskazi ingali inavuma.

Sasa daftari limejaa maneno, labda 200. Yachague vipi? Uliza nia ya anayeuliza. Yupo anayetaka kujua, yupo anayelinganisha, na yupo aliyekwisha kushika pochi.

Anayeandika "historia ya Bagamoyo" anataka kujua. Huenda ni mwanafunzi. Mwandikie vizuri, tena kwa heshima: kwamba misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ilianzishwa hapa mwaka 1868, kwamba mwili wa Livingstone ulifikishwa hapa mwaka 1874 baada ya kubebwa kutoka bara na wafuasi wake Waafrika, kwamba Wajerumani walikuwa na makao makuu yao hapa kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Ukurasa huo hautakuletea kamisheni. Utakuletea sifa, na tovuti nyingine zitauelekezea wasomaji wao, na sifa hiyo itazibeba kurasa zako nyingine.

Anayeandika "Saadani au Mikumi kwa siku mbili" analinganisha. Huyu ni wako. Mweleze kwamba Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ndiyo hifadhi ambayo mbuga inakutana na ufukwe wa Bahari ya Hindi. Mweleze pia kwamba kwa idadi ya wanyama watakaoonekana kwa urahisi, huenda Mikumi ikamfaa zaidi. Ukimwambia ukweli huo, atakuamini utakapompa kiungo.

Na anayeandika "hoteli Bagamoyo karibu na ufukwe bei nafuu" ameshashika pochi. Hapo kiungo cha kamisheni kina mahali pake.

Tufanye hesabu, ili mtu asiingie kwenye kazi hii akiwa na ndoto. Hizi ni namba zangu za mfano tu. Tuseme watu 1,000 wamesoma ukurasa wako kwa mwezi. Tuseme 50 wamebofya kiungo, na wawili wamelipia chumba cha shilingi 200,000 kila mmoja. Kamisheni ikiwa asilimia 4, umepata shilingi 16,000. Ni nauli na chakula cha siku kadhaa. Lakini ukurasa mwingine, wa swali finyu zaidi, unaweza kusomwa na watu 100 tu, na wanne kati yao wakanunua, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa anatafuta kitu kilekile hasa. Ndiyo maana nasema chagua swali finyu lenye mtu aliyekusudia, uliache lile pana lenye umati unaopita. Haba na haba hujaza kibaba.

Ukishachagua, jenga. Nenda ufukweni ukawatazame mafundi wa mashua. Hawaanzi na tanga. Wanalaza mkuku kwanza, kisha wanasimamisha mataruma moja baada ya jingine, kila taruma limeshikwa na mkuku. Tovuti nayo iwe hivyo. Mkuku ni ukurasa mmoja mkubwa, tuseme mwongozo wa kutembelea Bagamoyo. Mataruma ni kurasa ndogo, kila moja na swali lake: kufika kutoka Dar, Kaole, Saadani kwa siku moja, tamasha la chuo cha sanaa, TaSUBa, kulala wapi. Kila taruma lina kiungo cha kurudi kwenye mkuku, na mkuku una kiungo cha kwenda kwa kila taruma. Na swali moja lipewe ukurasa mmoja. Ukiandika kurasa tatu za swali lilelile kwa kubadilisha maneno tu, zitagombana zenyewe kwa zenyewe na hakuna itakayopanda.

Tovuti ikishasimama miezi kadhaa, fungua Google Search Console, nayo ni ya bure. Humo utaona maneno ambayo watu waliyaandika kweli hadi ukurasa wako ukaonekana. Pengine uliandika ukurasa wa Saadani ukiwaza simba, ukakuta watu wanafika kwa kuulizia kasa wanaototoa ufukweni. Huyo ni mteja anayegonga mlango ambao hukuuweka. Mwekee mlango: andika ukurasa wa kasa. Tovuti hukua kwa namna hiyo, kwa kusikia zaidi.

Msikilizaji, kuna jambo moja limenikaa moyoni, na sitaki muda uishe sijalisema. Maswali mengi kuhusu pwani yetu yanajibiwa na watu wasiowahi kukanyaga mchanga wake. Wanakili mmoja kwa mwingine. Kwa miaka mingi maandishi yaliwaambia wageni wakapandie daladala za Bagamoyo pale Mwenge, nazo zilikwishahamia Makumbusho. Mgeni anashuka Mwenge na mzigo mgongoni, jua la saa saba, anazunguka. Anayejua ukweli ni kondakta, ni muuza maji kituoni, ni wewe. Ila hukuandika.

Na kuandika kwa kukisia sasa hakulipi hata kwa wenye nguvu. Mwaka 2021 Google walianza kuzipandisha tathmini zilizoandikwa na mtu aliyekitumia kitu chenyewe. Mwaka 2024 wakatangaza kuyaadhibu maandishi yanayozalishwa kwa wingi ili kujaza tovuti tu, yawe yametoka kwa mtu au kwa mashine. Hivi sasa Google yenyewe inatoa majibu mafupi ya akili mnemba juu ya ukurasa, na swali jepesi linaishia hapo. Linalobaki ni lile linalohitaji aliyepo: picha ya jana, nauli ya wiki hii, hali ya barabara baada ya mvua ya juzi. Wenyeji wa hapa wamekuwa navyo siku zote bila kuvihesabu kuwa mali.

Kwa hiyo linda uaminifu wako. Mwambie msomaji waziwazi, "Ukinunua kupitia kiungo hiki, nami napata kamisheni." Haimpunguzii kitu, na inamwonyesha kwamba humfichi. Usisifu hoteli usiyoingia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kujiunga na kampuni yoyote, uliza inalipa kwa njia gani hapa Tanzania na kiwango cha chini cha kutoa fedha ni kipi, kwa sababu fedha iliyo kwenye akaunti usiyoweza kuifungua haijawa yako. Na pitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ujue unatakiwa kuwa na nini, kwani tangu mwaka 2018 nchi yetu ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zenye masharti ya leseni, na zimekuwa zikibadilishwa.

Kazi ninayokuachia ni ya siku saba. Daftari na kalamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Wiki hii mwenyeji asikilize. Andika kila swali ulilosikia, kwa maneno ya aliyeuliza, na mwisho wa wiki yahesabu.

Kama utakosa la kuanzia, chukua hili. Mbele ya Ushongo, kusini mwa Pangani, kuna Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama, yakipwa linatokea. Anayetaka kwenda lazima ajue bamvua na maji mafu, na saa ya kupwa ya siku ile. Usiku huu kuna mtu mbali huko, tiketi ya ndege ameshakata, anaandika kwenye simu yake: siku ya Alhamisi, twende Maziwe saa ngapi? Na mwenye jibu yuko Ushongo, ameshaiangalia bahari, sasa anaivuta ngalawa yake juu, nchi kavu.